Mama Maabara Hapendi Mabonge

Kwenye boti yangu Mama Maabara alikuwa anafumba macho tangu tunang'oa nanga Kibirizi mpaka boti inagusa mchanga wa Mwamgongo. Si usingizi, ni woga. Alivaa laifujaketi mbili, moja yake na moja ya abiria ambaye hajapanda bado, akakumbatia lile boksi lake la baridi magotini, na kila wimbi likipiga ubavu wa boti alisema, "Nahodha, hilo nalo umelitoa wapi?" Kama vile mimi ndiye nafuga mawimbi.

Nahodha ndiye mimi. Kidato cha pili nilikifikia, tukaangaliana, kila mtu akashika njia yake. Kwa hiyo nikianza hapa kueleza mambo ya damu na sukari, ujue nimeyapata kwa yule mama, tena kwa kupigiwa kelele juu ya injini.

Jina lake lipo, ila sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa mkuu wa maabara ya damu kwenye hospitali moja ya mjini Kigoma. Kazi yake ilikuwa mbili. Ya kwanza, kuzunguka vijiji vya ziwani hadi Kagunga kule mpakani, kuwaomba watu watoe damu. Ya pili, kuhakikisha damu ya huyu haiingii kwa yule isipotakiwa. Ya kwanza aliifanya huku amefumba macho, nimeshasema. Ya pili aliifanya kwa macho, na macho tu. Hapo ndipo habari yote ilipo.

Siku ya kwanza alipokula nyumbani kwangu, mke wangu alisonga ugali wa muhogo, kaweka na samaki, migebuka ya mawese. Mama Maabara akakata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalirudisha.

"Kuna bonge."

"Jamani Mama, moja tu," mke wangu akasema.

"Moja linatosha kuua mtu."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akachunguza ugali wote kwa vidole, akalitoa lile bonge, akaliweka pembeni ya sahani kama mtuhumiwa, ndipo akala. Na alikula kweli. Uji wa mabonge aliumwaga. Mchuzi wa karanga uliokatika aliuangalia kwa huruma kama mgonjwa aliyechelewa kuletwa. Mke wangu alisema huyu mama ana maringo. Mimi nilisema ana kichaa kidogo, cha heshima.

Nilielewa siku aliyonichoma kidole pale ufukweni Mwamgongo. Aliweka kigae cheupe juu ya meza, akadondosha matone mawili ya damu yangu mbalimbali. Kwenye moja akatia dawa ya bluu, kwenye jingine dawa ya njano. Akakoroga na kijiti, akakishika kigae kwa mikono miwili, akaanza kukiinamisha. Kushoto. Kulia. Polepole, juani, kope hazipepesi. Tone la njano likabaki laini kama rangi ya kucha. La bluu likaanza kukatika vipunje vipunje, kama maziwa yaliyoharibika.

"Mabonge!" nikasema.

"Eeh, hapa yanatakiwa. Wewe ni A."

"Ni nzuri hiyo?"

"Ni herufi, Nahodha. Si maksi."

Nilimwambia ningejua mapema nina A mwilini ningebaki shule.

Wakati wa kurudi, kwa macho yaliyofumbwa, akanieleza. Chukulia chembe nyekundu ya damu ni boti. Boti zote za Kibirizi ni mbao, na mbao kwenye damu ndiyo protini na mafuta. Juu ya mbao kumesimikwa kijiti, na kijiti hicho ni sukari zimeungana moja baada ya nyingine kama shanga. Vijiti vyote vinafanana mpaka karibu na ncha. Pale nchani, mwenye A ana sukari moja ya nyongeza, kama kitambaa cha bendera. Mwenye B ana ya kwake, inafanana na ile ya A kama mapacha, tofauti yake kisehemu kidogo tu. AB anazo zote mbili. O hana hiyo ya nyongeza, kijiti chake kimeishia pale pale.

"Sasa ufukweni kuna walinzi," akasema. "Ndiyo kingamwili. Mlinzi wa damu haulizi boti imebeba nini, haulizi nahodha ni nani. Anaangalia kile kitambaa nchani tu. Akikiona asichokizoea nyumbani kwake, anakishika. Ana mikono zaidi ya mmoja, kwa hiyo anashika boti hii na ile, mwenzake anashika hii na nyingine, mpaka boti zote zimefungana rundo moja. Ndiyo bonge hilo. Sasa lifikirie bonge hilo liko ndani ya mtu, sio kwenye kigae."

Nikapunguza mwendo. Mimi kupunguza mwendo bila mwamba mbele ni habari ya kuandikwa.

"Lakini Mama," nikasema baadaye, "mimi sijawahi kuongezewa damu ya mtu. Walinzi wangu kitambaa cha B wamekionea wapi?"

Akafungua jicho moja. Nadhani lile swali lilimfurahisha, maana jicho kwenye boti halifungui ovyo.

"Ulipokuwa unatambaa, ulikula mchanga wa Kibirizi?"

"Mpaka leo nakula, ukiwa kwenye dagaa."

"Basi kwenye mchanga na kwenye chakula kuna wadudu wadogo wanaoishi tumboni. Baadhi yao nao wamevaa sukari zinazofanana na za B. Walinzi wako walijifunza huko. Hiyo ndiyo shule pekee uliyomaliza."

Ndivyo alivyokuwa. Anakupa elimu kwa mkono huu, anakupiga kibao na huo mwingine, na wewe unashukuru kwa vyote.

Alijua pia kukiri kosa, na hapo nimsifu. Kuna mama mmoja wa Kagunga, mfanyabiashara wa dagaa, mdomo wake unafika Kibirizi kabla ya boti. Mama Dagaa huyu alipimwa, akaambiwa ni O, "huna sukari ya A wala ya B." Alichosikia yeye ni kwamba hana sukari. Safari nyingine akapanda boti yangu na chupa ya chai, mtu akiinusa tu nyuki wanamfuata.

"Mama Dagaa, utapata kisukari," nikamwambia.

"Mimi? Nimepimwa na serikali, sina sukari hata chembe! Nyie wa A ndio mjihadhari, mmejaa."

Habari ikatembea ufukwe mzima. Wenye O wakawa wanaongeza vijiko kwenye chai kama wameahidiwa pepo. Wenye A wakaanza kwenda zahanati kuulizia dawa ya kisukari. Kuna bwana mmoja Mwamgongo alikataa mchumba kwa sababu ni O, akasema hawezi kuishi na mwanamke asiye na utamu. Nami niseme nini, mke wangu ni O. Nikarudi nyumbani nikamwonja shavu kuhakikisha. Nilipigwa mwiko.

Mama Maabara alipozipata habari hizo hakusema watu ni wajinga. Alisema, "Nimesema vibaya mimi." Akapanda boti siku ya mawimbi, siku ambayo hata mimi nilitaka kujifanya naumwa, akaenda kusimama ufukweni Kagunga na kipaza sauti cha betri. Akaeleza upya. Sukari ya kisukari inaelea kwenye damu, ni ya chakula. Hii nyingine imefungwa kwenye chembe, ni alama. O naye kijiti anacho na ni cha sukari, amekosa ile moja ya mwisho tu.

Mama Dagaa akasimama mbele kabisa, mikono kiunoni. "Kwa hiyo sukari ninayo?"

"Unayo."

"Mawe weee, mama yangu! Na chai yote ile niliyokunywa?"

"Hiyo njoo tukupime."

Wakawa marafiki tangu siku hiyo, urafiki wa kutukanana. Mama Dagaa akawa anatoa damu kila akiruhusiwa, na kila mara anadai soda ya pili.

Mambo mengine ya Mama Maabara hayakuwa yanaingiliana hata kidogo. Chai alikunywa chungu, sukari hataki hata kuiona, lakini mkoba wake ulijaa kashata za wachangiaji damu, na mchangiaji mkuu wa kupunguza kashata hizo alikuwa yeye. Alichoma vidole vya ziwa zima, ila yeye sindano aliiogopa kuliko mawimbi. Akiumwa malaria alitaka vidonge tu. Ukimtajia sindano anakumbuka kwamba kuna nguo kaacha kwenye kamba.

Na kulikuwa na ile sheria yake. Maabara yake hakuna aliyeruhusiwa kusoma kigae peke yake. Ukishasoma, unamwita mwenzio, unampa kigae, unasema maneno haya: "Soma na wewe, sikuambii nimeona nini." Ukimwambia ulichoona, alisema, umemkopesha macho yako, naye atayatumia. Kijana mtaalamu aliyekuwa chini yake aliwahi kusema tu "hii naona kama B" kabla ya kumpa mwenzie kigae. Alifokewa mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakakaa vizuri vitandani.

Sheria hiyo iliwahusu wote isipokuwa mwenyewe. Kigae akisoma yeye, kimesomwa. "Mimi na kigae tunajuana," alikuwa akisema. Wala hakuna aliyebisha, maana kwa miaka yote hajawahi kukosea.

Halafu macho yakaanza.

Niliona mimi kabla ya wengi, kwa sababu mtu wa ziwani anazoea kujua nani anaona mbali. Siku moja Kibirizi alisalimia pipa langu la mafuta. "Mwakeye, Nahodha, mbona umekaa kimya?" Nikajibu kwa niaba ya pipa, tukacheka. Siku nyingine sokoni Ujiji alinipita karibu kabisa, harufu ya kashata ikanigusa, yeye hakunigusa hata kwa jicho. Akawa anaushika ukingo wa boti kwa kupapasa kabla hajapanda. Nikimuuliza anasema, "Ukungu." Saa sita mchana, jua linachoma kisogo, yeye anaona ukungu.

Mama yangu mzazi alipata mtoto wa jicho, naujua ukungu huo.

"Mama, nenda kwa daktari wa macho. Wanatoa, wanaweka kioo kidogo, unarudi nyumbani."

"Wanatoa na nini?"

"Sasa, nadhani kuna kisindano kidogo cha..."

"Jichoni?" Akashika boksi lake. "Endesha boti."

Nilitania siku ile, lakini usiku sikulala vizuri. Mimi nikiona vibaya nitapanda mwamba, boti itapasuka, tutaogelea. Yeye akiona vibaya, punje ndogo kwenye tone la bluu ikampita, kuna mtu amelala wodini atawekewa boti zenye bendera ngeni, na walinzi wake hawatauliza kosa ni la nani. Na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana nilikasirika. Ndiyo maana pia sikumwambia tena, ningemwambia nini, mimi wa kidato cha pili?

Mke wangu alijifungua mtoto wa kike pale hospitalini kwa Mama Maabara, asubuhi, salama kabisa. Nikaanza kupiga simu za kujisifu. Sijamaliza hata simu ya tatu, nesi akatoka anatembea haraka. Damu ilikuwa haikatiki. O iliyokuwa kwenye friji ilikuwa chupa moja, ameshatundikiwa, anahitaji nyingine.

Mke wangu ni O. Walinzi wake wanamkamata A, wanamkamata B, wanampokea O tu. Yaani mimi mume mtu, mwili mzima umejaa damu, natembea nayo bure, sina faida hata ya kikombe.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, akavimbisha kifua. "Mimi ni O, nilipimwa zamani. Nichomeni." Nikampigia na Mama Dagaa, maana nilijua yuko Kibirizi anashusha mzigo. Akakata simu bila kuaga, nikajua anakuja.

Nilisimama kwenye dirisha la kupokelea vipimo. Ndani naona Mama Maabara amechukua kigae, ametia damu ya shemeji, bluu huku, njano kule. Akainamisha. Kushoto, kulia. Akasogea dirishani penye jua. Akainamisha tena. Mimi nilipokuwa nimesimama sioni kitu kwenye kigae, namwona uso wake tu. Alikuwa anakodoa kama mtu anayetafuta boti yake gizani.

Shemeji akasema, "Mama, ni O hiyo, mimi najijua. Dada anaisha."

Mama Maabara akakisogeza kigae karibu na pua. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona pale. Akageuka, akamwita yule kijana mtaalamu, akampa kigae.

"Soma na wewe. Sikuambii nimeona nini."

Kijana mwenyewe alishtuka, akapokea kigae kwa mikono miwili kama anapewa mtoto. Akainamisha. Muda ule ulikuwa mrefu, sisemi mrefu kiasi gani.

"Mama, ya bluu imeshikana. Kidogo sana, ila imeshikana. Ni A, ile dhaifu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, Mama."

Akashika meza. "Mimi sikuiona," akasema. Hakusema kwa sauti ndogo. Alisema ili wote tusikie.

Shemeji akakaa chini kwenye benchi, kifua kikarudi saizi yake.

Ndipo Mama Dagaa akaingia ananuka dagaa, magamba kwenye mikono, amekunja mkono wa blauzi tayari. "Yuko wapi mwenye kutaka? Chukueni O hii, lakini leo soda ni tatu." Wakaosha mkono, wakampima kila kinachopimwa, kigae chake kikasomwa na kijana, kikasomwa na mwingine. Halafu wakachanganya tone la damu yake na maji ya damu ya mke wangu, kuona kama walinzi wataamka. Kijana akakisogeza dirishani akanionyesha, nadhani alinihurumia. Hakukuwa na kitu. Tone limetulia, laini, jekundu, kama ziwa kabla upepo haujaamka. Nimeona mambo mengi mazuri Tanganyika hii, sijaona zuri kuliko lile la kutotokea kitu.

Mke wangu yupo. Yuko jikoni sasa hivi naandika, anasema nisizidishe.

Jioni ile Mama Maabara alivua koti jeupe, akalikunja, akaweka ufunguo wa friji juu yake, akamkabidhi yule kijana. Watu walisema amefukuzwa. Uongo. Wakubwa walimfuata nyumbani kwake Ujiji kumbembeleza arudi hata akae tu ofisini. Mimi nilimfuata nikamwambia, "Mama, hukukosea. Ulimwita mwenzio."

"Nilimwita leo," akasema. "Kabla ya leo je?"

Yule kijana na wenzake walikaa siku kadhaa kufuatilia watu wa miezi ya karibuni, hawakukuta aliyedhurika. Lakini yeye alikaa ndani. Nikimpelekea migebuka anapapasa mkia. Mtoto wangu nilimpeleka, akamshika, akamnusa kichwani, akasema "anapendeza," na mimi nikajua anasema kwa adabu. Alikuwa anamwangalia sikio, akidhani ni uso.

Macho yake yakaendelea kufunga, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia, na kwa daktari hataki. Mimi nilishindwa. Mke wangu alishindwa. Aliyeweza ni Mama Dagaa. Alifika siku moja na pikipiki mlangoni, akasimama mikono kiunoni.

"Wewe umenichoma mara ngapi?"

"Nyingi."

"Nililia?"

"Ulitukana."

"Basi leo na wewe nenda katukane. Panda!"

Akapanda. Nasikia alitukana kweli, tena kwa Kiha, na daktari wa watu si wa huku, akadhani anaombewa dua.

Wiki zilipopita nikaenda kumwona Ujiji, mimi na mke wangu na yule binti, ambaye sasa anatembea na kuongea, hasa kuongea, sijui karithi wapi. Tulimkuta Mama Maabara barazani na ungo wa mchele, anachambua. Pembeni yake kuna kikilima cha mawe.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nahodha, hivi miaka yote hii nakula mawe mnaniangalia tu?"

"Tulidhani ni chaguo lako."

"Na ziwa," akasema, anaelekeza kidevu kule chini, "kumbe ni bluu hivyo? Kama dawa ya A. Na wewe kumbe umezeeka!"

Nikamwambia hiyo ni kasoro ya kioo alichowekewa, akawaone wabadilishe. Akacheka, kashata ikamtoka mdomoni. Halafu akamwona binti yangu, amejificha nyuma ya kanga ya mama yake. Kicheko kikakatika.

"Mlete hapa penye mwanga."

Mke wangu akamsukuma mbele. Mama Maabara akaweka ungo chini, akafuta mikono, akamshika mtoto mashavu kwa mikono miwili. Akamwinamisha uso kushoto. Akamwinamisha kulia. Polepole, kwenye jua, kope hazipepesi. Binti yangu ambaye hanyamazi hata akilala, akamkodolea macho tu.

Nikangoja aseme. Akainamisha tena, kushoto, kulia, halafu akanitazama mimi, macho yamejaa maji lakini yanaona.

"Nahodha, njoo," akasema. "Soma na wewe. Sikuambii nimeona nini."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, kuhusu masikio. Nikaumeza. Nikapiga magoti pale barazani, nikamshika binti yangu mashavu, nikasoma.